Nilivyowaua Buibui wa Mama Mdogo

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliamka na mstari mwekundu shingoni, umejaa malengelenge madogo madogo kama aliyerukiwa na mafuta ya moto. Mama yake alimgeuza shingo kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Buibui kamkojolea huyu," akaenda kuleta kopo la dawa ya kupuliza. Alipuliza pembe zote za chumba, nyuma ya kabati, juu ya pazia, mpaka tukatoka nje wote tunakohoa. Nyumba ya mwanangu hapa Mpanda ina marumaru chini na dari nyeupe juu, najivunia, sifichi, lakini siku ile ilinuka kama ghala la tumbaku. Nilipochungulia ndani niliona buibui watatu wamedondoka sakafuni, miguu wameikunja kifuani. Nikageuza ndoo nikaikalia.

"Mama, dawa imekupanda?" mkwe wangu akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Haikunipanda. Niliona aibu ya zamani sana, na aibu huwezi kumweleza mkwe ukiwa umekalia ndoo. Nitaieleza hapa. Nyie wa rika langu mliokulia kwenye nyumba za udongo mtanielewa haraka. Hawa wa marumaru wasome polepole.

Sisi tulikaa Kasekese, nyumba ya tofali mbichi, nyasi juu, jiko pembeni. Mama yetu alifariki mdogo wangu Deo akiwa na siku saba. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa. Kwa mwaka mzima na zaidi mgongo wangu ndio uliomlea Deo. Nilimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kikombe, nilimpikia uji, nilifua vitambaa vyake mtoni, na shuleni nilionekana siku mbili kwa wiki, nyingine naambiwa baki na mtoto. Nilinung'unika, lakini nilikuwa na kiburi nacho. Wenzangu walibeba wanasesere wa magunzi. Mimi nilibeba mtu kweli, analia, anajikojolea, ananivuta nywele.

Halafu Baba akaoa. Mke alitoka Kapalamsenga, kule ziwani, akaja na sanduku la bati na furushi la migebuka, samaki wakavu walionuka mpaka kwa jirani. Tukaambiwa tumwite Mama mdogo. Siku ya kwanza tu alinyoosha mikono akaniambia, "Lete nimbebe, wewe ukacheze."

Ukacheze! Alidhani ananipumzisha. Mimi nilijisikia kama mtu anayevuliwa nguo sokoni. Kuanzia siku ile nikawa namtafutia kosa, na kosa nililolipata la kwanza ni kwamba mwanamke yule hakuua buibui.

Nyumba yetu ilikuwa nao wengi. Ukutani walikaa wale bapa, rangi yao udongo mtupu, wamejibana kama wamebandikwa. Ukimsogelea mmoja hakimbii mbele, anakimbia ubavu ubavu, ukipepesa jicho yuko ndani ya ufa. Mayai yake anayafunika kwa kitu cheupe cha mviringo, kipana kama shilingi, laini kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai. Asubuhi moja nilivua ndala nimpige mmoja aliyekuwa juu ya kitanda cha Deo, Mama mdogo akanidaka mkono.

"Huyo mwache."

"Anakojolea watu."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Na huyo kila mtu amewahi kumwona amechuchumaa?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia, sikutaka anione nacheka kwa maneno yake. Yeye akaendelea tu, anakunja shuka huku anasema. Huyu, alisema, yeye anamwita Bapa, na kazi yake ni mbu na mende wadogo, na mtu kwake ni kama mti unaotembea. Yule mdogo wa mlangoni mwenye manyoya, asiyezidi punje ya mtama, ni Mrukaji: msogezee kidole uone anavyogeuka kukutazama kwa macho yake mawili makubwa ya mbele. Nyuma ya mtungi yuko Miguu-waya, ukimgusa utando anajitikisa mpaka humwoni, anadhani na wewe ni mjinga kama nzi. Na nje kwenye maboga yuko Mistari, jike kubwa la njano na nyeusi, linakaa katikati ya utando kichwa chini, na pale katikati limeshona mshono mweupe wa kona kona kama wa cherehani.

"Hao wote ni wapangaji," alisema. "Mmoja tu usimguse. Mweusi, tumbo mviringo linang'aa kama kifungo cha koti, anakaa chini ya mawe na magogo. Ukimwona huyo, niite mimi."

Nilikwenda nje nikatema mate. Lakini kesho yake nilimsogezea Mrukaji kidole, na kweli akageuka, akanitazama kama mtoto anayesubiri kutumwa dukani.

Wakati wa palizi nikajikata na jembe mguuni, juu kidogo ya vidole. Damu ilitoka kwa fujo, nikapiga kelele mpaka Deo naye akalia. Mama mdogo alikimbia ndani, akabandua ukutani kile cheupe cha mviringo, kimoja kikuukuu ambacho watoto wa Bapa walishatoka, akakikung'uta, akakilaza juu ya kidonda na kukandamiza kwa dole gumba. Alikandamiza hivyo hivyo mpaka damu ikakata.

"Umeona kwa nini siwafukuzi?" akasema. "Kwetu ziwani mtu anakatwa na kamba ya nyavu, anakatwa na pezi, na dawa iko ukutani kwake. Ukiwaua wote, siku ya damu utabandua nini?"

Nilielewa vizuri kabisa. (Leo ukikatwa nenda zahanati, usije ukasema bibi fulani kaandika.) Kovu ninalo mpaka sasa, jembamba kama uzi.

Pasaka ikakaribia. Mnajua desturi: hakuna mwanamke mwenye heshima zake anayeingia Pasaka bila kusiriba nyumba. Mama mdogo alileta udongo mwekundu wa mtoni, akachanganya na samadi kidogo, akasiriba kwa kiganja ndani na nje. Nilimchukia, lakini haki yake nampa: Kasekese nzima hakuna aliyemfikia kwa kusiriba. Ukuta ulilala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ila kila kiganja chake kilipofika kwenye cheupe cha Bapa, kilizunguka. Hakukifunika. Alipomaliza, chumba kilikuwa chekundu, kibichi, kinanukia vizuri, na ndani ya ule wekundu yamebaki madoa meupe kumi na mawili, kila moja mwenyewe kalilalia.

Mvua nazo zilikuwa hazijakatika, na jioni vidudu vilikuja kwenye taa vya kila aina. Jumatatu moja jioni, Pasaka imeshapita, Mama mdogo alikuwa anasonga ugali, mimi nimempakata Deo karibu na koroboi, amesinzia. Kidudu kimoja kikatua shavuni kwake. Kilikuwa chembamba, kirefu kama punje ya mchele, chekundu kama pilipili kiunoni, cheusi kichwani na mkiani, kinatembea mkia kimeubinua. Nikakiponda kwa kidole, nikakifuta, nikavuta kutoka shavuni kwenda juu, karibu na jicho. Kidole nikajipangusa kwenye kiwiko changu kwa ndani. Nikaendelea kusubiri ugali.

Jumatano asubuhi jicho la Deo halikufunguka.

Mstari mwekundu ulitoka shavuni ukapanda mpaka kwenye kope, na juu yake malengelenge yamejipanga, mengine yana maji, mengine yameanza usaha. Kope ilivimba kama tunda. Alikuwa analia bila kupumzika, anataka kujikuna, na Mama mdogo amemshika mikono yote miwili. Baba alitoka mbio kwenda kumwita dada yake, Shangazi yetu mkubwa, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu.

Shangazi hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Yeye ndiye aliyemwosha mama yetu kwa mikono yake siku ya msiba, na alikuwa anaogopa kuosha mwingine. Aliingia, akamtazama Deo, halafu akainua macho ukutani. Akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Wifi," akasema, "nyumba hii kasiriba nani?"

"Nimesiriba mimi, wifi."

"Na hawa umewaruka kwa bahati mbaya? Kumi na wawili?"

"Sikuwaruka kwa bahati mbaya. Hao hawakojolei mtu, wifi. Utando wao ni dawa ya kidonda, kwetu sisi..."

"Dawa!" Shangazi akamgeukia Baba. "Umesikia? Kasema mwenyewe kwa mdomo wake. Anafuga dawa ukutani, juu ya kitanda cha mtoto asiyemzaa. Jicho hilo likifa utamwambia nini marehemu?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono inaning'inia katikati ya magoti. Alikuwa mkulima wa maneno machache, na mbele ya dada yake maneno yakawa machache zaidi. Akaniangalia mimi.

"Wewe unakaa naye kutwa. Amekukataza kuwaua hawa?"

"Ndiyo, Baba."

"Amekwambia sababu?"

Wote watatu walinitazama. Mguu wangu ulikuwa pale pale chini, mtupu, kovu linaonekana. Nilichotakiwa ni kuunyoosha tu. Nikauinua mguu wa pili nikaukanyagia juu yake.

"Hapana, Baba. Hajaniambia."

Mama mdogo hakunitazama usoni. Alinitazama miguu.

Baba akasema Jumamosi atamsindikiza kwao kwa baiskeli. Akapumzike kwanza, alisema, tuone mtoto anavyoendelea. Hakuna aliyedanganyika na hilo neno kupumzika. Mwanamke anayerudishwa na sanduku lake hapumziki. Deo achukuliwe na Shangazi leo leo, mimi niende naye kumbeba. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mgongo wangu umerudishiwa mtu wake. Nilingoja furaha ije. Haikuja.

Kabla hatujatoka, Shangazi akanipa fagio na kopo la mafuta ya taa. "Ua wote," akasema. "Asibaki hata mguu."

Nikaua. Mama mdogo alikuwa chumba cha ndani anapanga nguo kwenye sanduku, na kila nilipopiga ukuta alikuwa anasikia. Nilianza na Miguu-waya nyuma ya mtungi, akajitikisa, akajitikisa, na mimi namwona. Mrukaji aligeuka akanitazama kama siku zote. Wale Bapa ndio walionishinda. Nilitegemea wakimbilie ufani niseme wamenitoroka, lakini aliyelalia mayai hakimbii. Nilimpiga kila mmoja pale pale alipolala, na kila pigo likabomoa udongo mpya, ukuta ukabaki na matundu kama uso wa mwenye ndui.

Nilipofika wa saba au wa nane nikasikia kiwiko kinawaka. Nikakunjua mkono. Kwa ndani, pale mkono unapokunjika, kulikuwa na mstari mwekundu na malengelenge, sawasawa na ya Deo. Nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Nikajua wamenijua. Nimesema uongo sasa hivi tu, na wao tayari wamenikojolea. Sikumwambia mtu. Nilivuta kitenge nikafunika mkono, nikaua waliobaki haraka haraka, nimefumba macho nusu.

Kwa Shangazi hapakuwa na buibui. Nyumba yake ilipakwa chokaa, na kila wiki aliifukiza kwa mabua ya tumbaku mpaka hata inzi walipita mbali. Nililala pale na Deo Jumatano na Alhamisi. Alhamisi jioni koroboi ilipowashwa vidudu vikaja kama kwetu, na kimoja kikamtambaa Deo shingoni. Shangazi akakiponda kwa dole gumba, akakisugua, akasema, "Mvua hizi zina kazi." Moshi wa koroboi ukamwingia jichoni, akajisugua kwa dole lile lile.

Ijumaa nilishinda nimemkumbatia Deo. Kila mtu aliyepita alisema lake. Mmoja akasema jicho limeshaoza ndani. Mwingine akasema subirini huyo mwanamke atoke kijijini, mtaona linafunguka lenyewe. Nilimwomba Mungu jicho lifunguke kabla ya Jumamosi, nikijua kabisa kwamba likifunguka ndiyo watazidi kusema ni yeye. Nikakosa namna ya kuomba, nikaacha.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti ya Shangazi anaugua. Alikuwa kakaa kitandani, kope yake ya kulia imevimba imefunga kabisa, na mstari mwekundu unashuka mpaka puani. Nikamtazama Deo. Shingoni kwake pameota mstari mpya.

"Mwanamke yule!" Shangazi alilia kwa hasira. "Anaondoka na bado anatutumia!"

Nikatafuta. Nilitafuta buibui nyumba nzima. Nililala chini nikachungulia uvungu, nikasogeza mitungi, nikapanda juu ya kinu nikaangalia dari. Hakuna. Hakuna hata uzi. Na nikiwa juu ya kinu nikaona ukutani, karibu na pale koroboi inapotundikwa, kidudu chekundu na cheusi kinatembea mkia juu, hakina wasiwasi.

Nikakumbuka dole la Shangazi: shingoni, halafu jichoni. Nikakumbuka kidole changu: shavuni, halafu kiwikoni. Nikakunja mkono wangu, nikakunjua, nikakunja tena. Lengelenge la juu lilikuwa linalala sawasawa juu ya la chini, kama mhuri na karatasi yake. Buibui gani huyo anayekojoa pale pale mtu alipojipangusa?

"Shangazi," nikasema, "ni huyu hapa. Ni huyu mwekundu. Ulimponda, ukajisugua."

"Nyamaza! Na wewe ameshakuloga."

Nilimshusha Deo mapajani kwake, nikatoka mbio.

Baba na Mama mdogo walikuwa wameondoka kukiwa bado giza. Nilikimbia njia ya ziwani peku, tope linanishika, nakimbia, natembea, nakimbia. Alama ya tairi ya baiskeli ilikuwa mbele yangu njia nzima kwenye tope, na pembeni yake nyayo za mwanamke. Nilichoogopa ni kimoja tu, kwamba wakivuka mto wenye daraja la magogo sitawapata tena, maana ng'ambo njia inakauka na Baba atampakia kwenye keria. Nilipofika mtoni jua limeshapanda. Magogo mawili yalikuwa yamechukuliwa na maji. Baba alikuwa ng'ambo, ameshalivusha sanduku, anarudi kuchukua baiskeli. Mama mdogo alikuwa bado upande wangu, viatu mkononi.

Baba aliponiona akasimama katikati ya mto. Uso ulimbadilika.

"Deo amekufa?"

"Hapana, Baba!" Pumzi zilikuwa zimenikaba. "Baba, nilidanganya. Aliniambia sababu. Aliniambia."

Nikanyoosha mguu. Nikamwonyesha kovu, nikamweleza jembe, damu, na kile cheupe cha ukutani. Halafu nikakunjua mkono.

Baba alitoka majini, akanishika kiwiko, akakiangalia kwa muda mrefu. "Kwa hiyo na wewe buibui kakupata."

"Si buibui, Baba! Ni kidudu chekundu cha kwenye taa. Nilikiponda usoni kwa Deo mwenyewe, kwa kidole hiki, nikajipangusa hapa. Shangazi naye kakiponda juzi, leo jicho lake halifunguki. Na kwake hakuna buibui hata mmoja, nimetafuta."

"Jumatano umesema hivi," Baba akasema polepole, "leo unasema hivi. Nikuamini siku gani?"

Alikuwa na haki. Maji yalikuwa yanapiga magogo, na Mama mdogo amesimama kimya, hanisaidii hata kwa neno moja. Nikageuka huku na huku, na hapo kwenye majani ya pembeni ya mto nikamwona Mistari, mnene kuliko wa kwenye maboga yetu, kichwa chini, juu ya mshono wake mweupe. Nilikuwa namwogopa huyo kuliko wote. Wengine niliwaua. Yeye hata kumkaribia kwa fagio sikuthubutu.

Nikaingiza mkono kwenye utando.

"We mtoto!" Baba akapiga kelele. "Tupa! Utapofuka!"

"Usimguse, Baba Deo," Mama mdogo akasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Ukimpiga utamponda mwilini kwake. Mwache apite." Halafu kwangu, bila kupandisha sauti: "Funga macho. Usipumue kwa mdomo."

Mistari alipanda mkono, akapanda bega, nikamsikia shingoni. Alifika shavuni akasimama. Miguu yake ilikuwa inanigusa mmoja mmoja, kama kipofu anayekutambua kwa ncha za vidole. Akapita juu ya kope. Nililia bila sauti na machozi yakatoka chini yake. Akashuka puani, akafika kidevuni, akajiachia kwa uzi mpaka kwenye majani.

Nikafumbua macho. "Kidudu kile kilichukua siku mbili," nikamwambia Baba. "Kama buibui ndiye mwenye mkojo, Jumatatu jicho langu litafumba. Tusubiri tuone. Lakini Mama mdogo lazima awepo."

"Kwa nini lazima awepo?"

"Nikipofuka ataniuguza nani?"

Mama mdogo akageuza uso upande wa mto. Baba alisimama na suruali inachuruzika maji. Mwisho akamuuliza, "Mbona na wewe hukunieleza?"

"Nilikueleza. Ulikuwa unamtazama dada yako."

Baba akavuka, akalirudisha sanduku kichwani, akalifunga kwenye keria, akaigeuza baiskeli ielekee Kasekese. "Basi twende," akasema.

Mama mdogo hakusogea. "Mimi si gunia," akasema. "Unanipakia, unanipakua. Sema kitu."

"Nisemeje?"

"Sema unavyojua."

Sikuwahi kumsikia baba yangu akimwomba mtu radhi, wala mwanamume mwingine yeyote kijijini kwetu akimwomba mkewe. Alivua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba maneno yameandikwa humo. "Nimekosea," akasema. "Nimekosea, Mama Deo."

Jina hilo lilikuwa la marehemu. Lilinichoma, siwafichi. Lakini sikuwa na mdomo wa kusema kitu siku ile.

Jumatatu jicho langu lilikuwa zima kabisa, na Baba aliniita mlangoni kwenye mwanga, akaifunua kope kwa vidole vyake, akaangalia, akafunua na ya jicho la pili. La Deo lilifunguka kidogo kidogo, likaacha doa jeusi shavuni lililokaa miezi, likapotea. Leo ni mzee, ana macho ya mwewe, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani na kunitambia. Shangazi alijifunga kitambaa jichoni wiki nzima na hakuomba radhi, ila alileta kuku, akamkabidhi Mama mdogo mkononi, akaondoka bila kukaa.

Hayo yalikuja baadaye. Njiani siku ile Mama mdogo alitangulia mikono mitupu, Baba akafuata anasukuma baiskeli, na mimi nyuma kabisa, kiwiko kinawaka moto kwa jasho na tope. Hakuna aliyenisemesha. Tulipita mashamba ya watu, watu wakainuka kwenye mahindi kututazama, na yeye akawasalimia mmoja mmoja kwa sauti. Mbele kidogo akasimama, akamwacha Baba apite, akaningoja.

"Mkono unauma?"

"Unauma."

"Sana?"

"Sana."

"Vizuri," akasema. Akanigeuzia mgongo akaendelea kutembea, polepole kidogo kuliko mwanzo.